Herufi Iliyonitoroka Japani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni viatu vikiwa mkononi. Njia ya kutoka Kitangari ilikuwa vumbi jekundu tupu, nami sikutaka kusimama mbele ya Kidato cha Kwanza na viatu vilivyogeuka rangi. Mkuu wa Shule, mzee wa kutoka bara mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinikabidhi vipande viwili vya chaki na kuniambia nianze na imla. Imla, kwa ninyi mliokulia kwenye projekta, ni zoezi ambalo mwalimu anasoma kwa sauti na wanafunzi wanaandika wanachokisikia. Husemwa kwamba inapima masikio ya mwanafunzi.

Nikasoma sentensi ya Kiingereza kwamba mkulima anauza mchele. Mchele kwa Kiingereza ni rice. Nilipokusanya madaftari, darasa zima lilikuwa limeandika lice, yaani chawa. Mkuu wa Shule alipitia lile rundo daftari moja moja, kisha akaniita ofisini.

"Mwalimu Somoe, wakulima wa huku wanauza chawa?"

"Hapana, Mkuu."

"Basi watoto arobaini wamesikia vibaya kwa pamoja?"

Akanisukumia daftari la juu.

"Hawakusikia vibaya. Wameandika ulichosema."

Niwaeleze wasomaji wa mbali. Sisi Wamakonde tumezaliwa na l, r tumeikuta kwa watu. Barabara kwetu ni balabala, na mgeni tunamwambia kalibu kwa moyo mweupe kabisa. Binti yangu nilimpa jina la Zuhura, lakini mama yangu mpaka anaingia kaburini alikuwa akimwita Zuhula, tena kwa mapenzi kuliko mtu yeyote. Chuoni niliipigania hiyo r nikaipata, ila ilikuwa na tabia ya kunitoroka nikiwa na haraka, na hofu, au furaha. Ubaya wake ni kwamba ikitoroka, mimi mwenyewe siisikii.

Nikahamishiwa shule nyingine hapo hapo wilayani kwetu Newala, kisha Masasi mjini. Masasi nilimkuta Mkuu wa Taaluma, mama mmoja mkali ambaye kila Jumatatu alikagua maandalio ya somo, yale maandishi ya mwalimu yanayoonyesha atafundisha nini, kwa dakika ngapi na kwa zana gani. Andalio lisipokuwa na zana, huingii darasani. Yeye ndiye aliyeniponya nusu.

"Mama Zuhura, acha kulisikiliza neno, maana masikio yako yanakudanganya," aliniambia. "Fuata ulimi. Kwenye l ulimi unagusa nyuma ya meno. Kwenye r haugusi popote. Basi."

Nilifundisha hivyo kwa miaka mingi na wanafunzi wangu walifaulu. Siku moja nikaitwa na Afisa Elimu. Kulikuwa na mpango wa kubadilishana walimu, na sehemu moja ya mashambani huko Japani ilikuwa inahitaji mwalimu msaidizi wa Kiingereza.

"Mama Zuhura, unaogopa baridi?"

"Siijui, Afisa."

"Basi utaijua."

Niliijua. Lakini kabla ya baridi, kilichonishangaza ni maji. Nimekulia Kitangari, ambako ndoo ya maji ilikuwa na safari yake na foleni yake. Pale kijijini Japani, kando ya kila njia kulikuwa na mfereji wa maji safi yanayokwenda zake mashambani mchana kutwa, hayana mlinzi, hayana mwenye kuyawahi. Siku ya kwanza nilichelewa kazini kwa sababu nilisimama kuyatazama. Nyumbani, bibi mwenye nyumba alinijazia pipa refu la maji ya moto nioge. Nikachota ndoo moja, nikaoga pembeni kwa adabu zote, na nusu ya ndoo nikaibakisha kwa ajili ya kufulia. Bibi yule alipoona pipa halijaguswa alidhani nimechukia, akaenda kumwita jirani aje aniulize nina malalamiko gani. Kumbe pipa ni la nyumba nzima. Watu wanajisugua nje yake, kisha wanaingia kwa zamu kujipasha moto, na mgeni ndiye anayetangulia. Nilipoelewa nikaingia. Nisiseme uongo, nilikaa humo mpaka vidole vikakunjamana.

Shuleni tulivua viatu mlangoni na kuvaa vya ndani. Nilidhani nitawasimulia jinsi wanafunzi wetu wanavyofagia madarasa, nikakuta nao wanafagia, tena Mkuu wa Shule mwenyewe amepiga magoti na tambara anasugua korido. Mara ya kwanza nilipomwona nikamkimbilia kumpokea lile tambara, kama ambavyo ningefanya Masasi. Alilishika, nami nikalishika, tukavutana huku tunainamiana. Mwisho akanionyesha ndoo ambako kulikuwa na tambara langu. Chakula cha mchana walimu na wanafunzi tulikula pamoja darasani, na mpishi, alipojua mimi ni Mwislamu, kila siku yenye nyama ya nguruwe aliweka kando ya sahani yangu kikaratasi alichochora nguruwe mwenye masikio makubwa, na akanipa mayai. Vikaratasi hivyo ninavyo bado.

Kazi yenyewe ilikuwa mdomo. Mwalimu mwenyeji, Bi. Mizuno, ndiye aliyefundisha sarufi kwa Kijapani. Mimi nilisimama pembeni na kusoma, darasa likanifuata. Nisome, wafuate. "Mdomo wako ndio kitabu chetu," aliniambia Bi. Mizuno, na alisema kweli tupu, kwa kuwa sikuajiriwa kwa kitu kingine.

Hapo ndipo nilipokuta ajabu. Wale watoto nao walikuwa wagonjwa wa ugonjwa wangu, ila upande wa pili. Sisi tuna l peke yake, wao wana sauti moja iliyo jirani na r, na kwao rice na lice ni kitu kimoja. Nilicheka peke yangu njia nzima siku nilipogundua. Nikawafundisha dawa ya Mkuu wa Taaluma: ulimi unagusa, ulimi haugusi. Sikuwaambia dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Katika mwaka wa tatu, yaani wale wa umri wa miaka kumi na minne hivi, alikuwepo msichana anaitwa Chinami. Nilimpenda kwanza kwa jina, maana lilianza kama majina ya kwetu, Chimakonde na Chilangala, nikamwona kama mtu wa kwetu. Alikuwa mkimya na mwenye kuuliza maswali yasiyokwisha. Kwa nini t haisikiki katika listen? Kwa nini Waingereza wanaiandika kama hawaitumii? Nilikuwa nalala na maswali yake. Bi. Mizuno akamchagua kuwakilisha shule kwenye mashindano ya hotuba mjini, ambayo kila mwanafunzi hushiriki mara moja tu, katika mwaka wake wa mwisho pale. Hotuba ilimhusu babu yake, mkulima wa mpunga, ambaye kila asubuhi husimama kwenye kingo za shamba, hupiga makofi mawili, huinama na kuomba. Kiini cha hotuba kilikuwa sentensi moja: babu yangu huomba shambani kila asubuhi. Kuomba kwa Kiingereza ni pray. Ukiweka l mahali pa r, unapata play, na babu anacheza.

Kila siku baada ya masomo nilimsomea hotuba katika ofisi ya walimu, naye akirudia. Wiki mbili kabla ya mashindano alikuja na daftari. Alikuwa amelichora mistari na viduara mbele ya neno lile lile, siku baada ya siku.

"Mwalimu," alisema taratibu, "Jumatatu ulisema hivi. Jumatano ulisema vile. Jana hivi tena. Ipi ndiyo sahihi?"

Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja, na wiki hiyo hiyo bodi ya elimu ilikuwa inaamua kama niongezwe au nirudishwe. Bi. Mizuno alikuwa ameketi meza ya jirani anasahihisha, na kalamu yake ilikuwa imesimama. Nikajiona nashuka kwenye basi Masasi kabla ya wakati, watu wananipa pole huku wanataka kujua kulikoni. Mwalimu wa Kiingereza, karudishwa kwa Kiingereza.

"Umekosea wewe," nikamwambia. "Mimi nasema namna moja siku zote. Fuata nilivyosoma sasa hivi."

Alinitazama kidogo. Kisha akainamisha kichwa, akasema asante, akafunga daftari. Kalamu ya Bi. Mizuno ikaendelea. Nami, kwa hofu niliyokuwa nayo, nilikuwa nimesoma nini muda ule? Sikujua. Niliomba Mungu iwe r.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi mkubwa wa mjini. Babu yake Chinami alikuja na suti nyeusi yenye harufu ya sanduku, akakaa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti. Chinami alipanda jukwaani, akainama, akaanza. Sauti ilikuwa tulivu, na kila kitu kilikuwa mahali pake hadi tulipofika kwenye ile sentensi. Hata mimi mwenye masikio yasiyoaminika nilijua kaikosea, kwa sababu majaji wawili waliotoka Uingereza walitabasamu kwa pamoja. Aliirudia mara tatu, kama hotuba ilivyoandikwa, na kila mara kwa l iliyonyooka, safi, ya Kimakonde. Alipomaliza, jaji mmoja, mama mwenye sura nzuri, alimuuliza kwa upole kabisa, "Na babu yako hucheza mchezo gani kila asubuhi?"

Watu waliojua Kiingereza walicheka. Chinami aliinama tena. Babu, ambaye hakujua neno hata moja, aliona watu wanafurahi, akapiga makofi kwa nguvu.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Ile ya chawa ilikuwa yangu mwenyewe. Hii nilimtwisha mtoto wa mtu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Mkuu wa Shule nikiwa na Bi. Mizuno wa kutafsiri, nikaeleza yote, tangu Kitangari. Mkuu alivuta pumzi kwa meno, kama wafanyavyo Wajapani wakikutana na jambo gumu. Kisha akaniuliza kama mama yangu kweli alimwita mjukuu wake Zuhula. Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, akarudi kuwa Mkuu.

"Bodi nitazungumza nayo mimi," alisema. "Lakini wa kwanza kuombwa radhi si mimi."

Nilimkuta Chinami kwenye korido na tambara lake. Nikapiga goti, kama tunavyofanya kwetu tukiongea na mtu tuliyemkosea, na wanafunzi wengine wakasimama kutazama. Nikamwambia kwa Kiingereza chepesi: daftari lako lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea, na nilikudanganya kwa sababu niliogopa. Katika lugha ya mama yangu hakuna r. Masikio yangu hayaijui.

Akaweka tambara chini. Usoni mwake sikuona hasira. Niliona lile jicho lake la kuuliza.

"Kwa hiyo kwako r na l zinasikika sawa?"

"Mara nyingi, ndiyo."

"Kwangu pia," alisema. "Sizisikii kabisa."

Nikashangaa. "Sasa kwenye daftari ulizitofautishaje?"

"Nilikuwa nautazama ulimi wako. Mstari, umegusa. Kiduara, haukugusa. Ulitufundisha wewe. Ukaniambia nifuate ulivyosoma mara ile, na mara ile uligusa. Uliposema nimekosea, nikajua macho yangu nayo hayafai, nikaacha kutazama."

Alisema bila kulaumu, kama mtu anayejibu swali la darasani, kisha akainama kuendelea kusugua. Nami nikachukua tambara, nikasugua pembeni yake.

Bodi iliniongeza mwaka. Nilifundisha kwa vioo vidogo, kila mwanafunzi na chake, mimi na changu, tukichunguza ndimi zetu kama wagonjwa kwa daktari, na tukicheka. Chinami hakuwepo, alikuwa ameshahamia shule ya juu. Kisha nikarudi Masasi, nikafundisha mpaka umri wa kustaafu ukanikuta, na sasa niko Kitangari na mikorosho yangu.

Walimu vijana hunitembelea. "Shikamoo mwalimu," "Marahaba wanangu," kisha wanauliza kuhusu theluji na treni za mwendo kasi. Nawasimulia. Wakishashiba hayo, huuliza siri ya kufundisha vizuri, nami huwa nakwepa, maana jibu nililonalo linaniuma. Nilishika chaki miaka zaidi ya thelathini, na katika miaka yote hiyo swali bora kuliko yote niliulizwa na mtoto aliyekuwa na daftari mkononi: ipi ndiyo sahihi? Jibu la kweli lilikuwa sijui, hebu nitazame tena. Lingechukua dakika moja. Babu yake angekuwa ameomba, wala asingecheza.