Safu ya Buluu

Pale maabara walimwita Mama Vishimo. Kazi yake ilikuwa kuinamia sahani za plastiki zenye vishimo visivyotosha hata punje ya mahindi, atie kila kimoja viini vya kifua kikuu sugu, kisha tone la kemikali ambayo hakuna aliyejua kama ni dawa au si kitu. Mwisho hutia rangi ya buluu. Viini vikiwa hai, rangi hugeuka waridi; vikifa, hubaki buluu. Miaka nenda miaka rudi aliona waridi tupu, hata akaacha kuvaa gauni la rangi hiyo.

Asubuhi ile alifungua kabati la joto, akakuta safu nzima ya buluu.

Mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, alikuwa wodini na ugonjwa huohuo, akimeza vidonge vinavyomtapisha na kumvumisha masikio. Mama Vishimo akapiga simu papo hapo.

"Mdogo wangu, tumeipata. Imeviua vyote."

"Wewe?" Kicheko kikakatwa na kikohozi. "Wewe uliyeshindwa na mende wa jikoni?"

Alipokata simu, mkuu wa maabara alikuwa ameinamia sahani.

"Mashahidi umewatazama?"

Mashahidi ni vishimo vya mwisho wa kila safu, visivyotiwa kemikali yoyote. Humo viini havina sababu ya kufa. Mama Vishimo akatazama. Shahidi wa safu ile naye alikuwa buluu.

Akakumbuka mrija aliotilia viini katika safu ile. Tangu mdogo wake alazwe, kila chombo alikisafisha, akakirudia, akakirudia tena. Mrija ule aliusuuza kwa dawa kali ya sakafu, ikabakia ndani. Kilichoua viini ni woga wake.

"Usijali," mkuu akasema. "Mimi niliwahi kugundua tiba ya ajabu, kumbe ni sabuni. Bora hujamwambia mtu."

Mama Vishimo alikuwa ameshashika mkoba.

Wodini alimkuta mdogo wake ameketi wima, nywele zimechanwa. Nesi alisimama kando na kikombe cha vidonge, uso umekunjwa nyuma ya barakoa.

"Amegoma tangu asubuhi," nesi akasema. "Eti dada yake anamletea vyake."

Mama Vishimo akasogea kitandani. Maneno aliyoyatoa kwa pumzi moja yalikuwa yamekwisha kufanya kazi humu ndani.

"Hakuna dawa, mdogo wangu. Nilikosea. Nilisema kabla ya kutazama."

Mdogo wake alimkodolea macho. Mkono uliokuwa ukilainisha nywele ukabaki hewani.

"Nimewaaga hata wa vitanda vya jirani," akasema polepole.

"Najua. Nitukane ukipenda. Ila ukiacha vidonge hivi, viini vitavizoea, na hapo hata mimi sitakuwa na cha kutafuta."

Nesi akasogeza kikombe karibu.

"Umenipa nusu siku nikiwa mzima," mdogo mtu akasema. "Sijui nikuchukie vipi."

Akanyoosha kiganja kwa nesi, macho yakiwa bado kwa dada yake.

"Beseni utashika wewe. Na kazini huendi mpaka nimalize kutapika."

Mama Vishimo akavuta kiti, akalipakata beseni.