Sisimizi Walionyweshwa Mbege

Harufu ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikinifikia, hata leo, namwona baba mdogo ameshika chupa yangu.

Ndani ya chupa ile nilikuwa nafuga sisimizi, wale wanaokusanya mbegu. Lilikuwa kundi changa: malkia na watoto wake wachache, wembamba kama uzi. Kila asubuhi mama alinipa ulezi kiganjani, nami niliuponda kwa jiwe, maana taya zao zilikuwa bado haziwezi maganda. Kisha nilitulia nikiwatazama wakiburuta chengachenga hadi chini, kwa malkia.

Baba mdogo alikuja Krismasi kutoka Dar, na viatu vinavyoogopa matope ya mgombani. Hakuwahi kupalilia hata mche mmoja wa kahawa, lakini alijua kila kitu.

"Hawa wanakula nini?"

"Ulezi, baba mdogo."

"Sasa mbona unawapunja?" Akainamisha kata yake, akawamiminia mbege hadi shingoni mwa chupa. "Hii si inapikwa kwa ulezi? Kunyweni, wanangu."

Wakubwa wote wakacheka, kwa sababu ndiye aliyenunua mbuzi wa sikukuu. Sisimizi wakaelea kwenye povu. Malkia alikuwa wa mwisho kuacha kutikisa miguu.

Bado anakuja kila Desemba. Jana alisimama uani, kitambi mbele, akawatangazia wageni kwamba watoto wote wa ukoo huu amewalisha yeye. Wakampigia makofi.

Nikachukua ndoo ya mbege, nikamjazia kata hadi ikamwagikia viatu vyake.