Meno ya Nyumba ya Tatu

Fundi meno wa mtaa huu si daktari, na hajawahi kudai kuwa daktari. Wanaodai ni majirani, nao hudai nusu tu: humwita Daktari Nusu. Madaktari wazima, wale wa mjini wenye viti vinavyopanda na kushuka, kazi yao ni kung'oa. Yeye hurudisha. Mtu akipoteza meno, hupita mlango wa nyuma akiwa ameinamisha kichwa, hung'ata tonge la nta vuguvugu, na baada ya siku kumi hutoka anatafuna, akiamini kwamba mtaa mzima una meno yake mwenyewe isipokuwa yeye.

Imani hiyo ndiyo Daktari Nusu aliyokuwa akiuza. Meno yalikuwa nyongeza.

Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba. Mna meza, taa ya shingo ndefu, mashine ya kusugulia inayolia kama nyigu mwenye kesi mahakamani, na rafu nne ukutani. Juu ya rafu zilipangwa sanamu za vinywa vya wateja, za plasta nyeupe, fizi na mapengo yote kama yalivyo. Meno ya bandia yakivunjika, sanamu ndiyo inayorudiwa. Ikipotea, mteja huanza upya na aibu yake huanza upya. Hakuna sanamu iliyoandikwa jina. Jina ni ushahidi. Badala yake fundi alibuni mpango alioujivunia kimoyomoyo: rafu ya juu ilikuwa upande wa kulia wa mtaa, ya pili upande wa kushoto, na mbili za chini zilikuwa mtaa wa nyuma. Sanamu ya kwanza ilikuwa nyumba ya kona, ya pili nyumba inayofuata, mpaka mwisho wa barabara. Nyumba yenye wateja wawili ilipata sanamu mbili zilizobebana. Mtu akihama, kinywa chake nacho kilihama. Hata polisi wakija, alijiambia, watatoka mikono mitupu. Polisi hawakuwa na sababu yoyote ya kuja, lakini wazo hilo lilimpa raha.

Mkewe ni mwalimu mstaafu, na kila mtu humwita Mwalimu, mumewe akiwa wa kwanza. Wana ndoa ya miaka thelathini na mmoja. Mwalimu hupenda kuwasimulia wageni jinsi alivyomkubali: sura aliipokea kama ilivyo, urefu hakuutazama, lakini meno aliyachagua. Husema hivyo akimwonyesha mumewe kwa kidole, kama mtu anayeonyesha kabati alilonunua kwa busara. Na mumewe hutabasamu ili wageni wajionee.

Sasa, miaka tisa hivi iliyopita, Mwalimu alisafiri wiki tano kwenda kumhudumia binti yao aliyejifungua. Huku nyuma, fizi za juu za Daktari Nusu, zilizokuwa zikimsumbua kimya kimya, ziligoma kabisa. Alipanda basi hadi mji mwingine, mahali asikojulikana, akang'olewa meno yote ya juu, akarudi na kujitengenezea mengine. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Aliweka hata ufa mdogo kati ya mawili ya mbele, kama zamani. Mwalimu aliporudi alipokewa na tabasamu lile lile. Mtu aliyewaambia watu wazima hamsini na ushee kwamba meno ya bandia hayana aibu yoyote, hakuweza kumwambia mmoja.

Tangu siku hiyo, kila usiku kabla ya kulala alikwenda karakana "kufunga dirisha", na huko aliyavua na kuyalaza kwenye kikombe cha bluu nyuma ya debe la plasta. Alfajiri aliamka kabla ya mkewe kwenda "kufungua dirisha". Hakuna dirisha la benki lililowahi kufungwa na kufunguliwa kwa uaminifu kama huo.

Ilibaki sanamu yake. Angeweza kuivunja na kuitupa, lakini fundi hatupi sanamu. Basi aliiweka mahali pake. Nyumba yao ni ya tatu kutoka kona, mkono wa kushoto, na sanamu yake ilikaa ya tatu, rafu ya pili. Mpango ni mpango.

Tetemeko lilikuja Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Vijiko ndivyo vilivyoanza kuzungumza ndani ya droo. Kisha kitanda kilipiga hatua mbili kuelekea mlangoni, kama kilichochoka na ndoa. Mwalimu, ambaye kwa miaka thelathini na minne aliwafundisha watoto wa watu nini cha kufanya siku kama hiyo bila siku yenyewe kutokea, alimshika mumewe kifundo cha mkono.

"Chini ya meza," alisema, kwa sauti ya mtu anayeita mahudhurio.

Walijikunja chini ya meza ya chakula, magoti kwa magoti. Jikoni vyombo vilikuwa vikiaga kimoja kimoja. Kutoka karakana ulisikika mshindo, kisha mwingine, kama gunia la kokoto linalomwagwa kwenye ngazi. Fundi alielewa vizuri: huo upande wa kulia wa mtaa, na huo wa kushoto. Akapitisha ulimi juu ya fizi zake, akakumbuka kikombe cha bluu kilipo.

Haikuzidi nusu dakika. Nyumba ilikohoa vumbi kidogo, ikatulia, na Mwalimu akamtoa nje kabla hajapata hata nafasi ya kugeukia karakana.

Mtaa mzima ulikuwa barabarani na nguo ulizolalia. Daktari Nusu alisimama kando ya lango, ameziba mdomo kwa kiganja kama mtu aliyezama katika fikra. Ilimchukua muda kugundua kwamba hakuzama peke yake. Dereva mstaafu, mtu ambaye kwa kawaida hueleza chanzo cha kila jambo kabla halijaisha kutokea, alikuwa kimya na ngumi imebana midomo. Mkunga wa ng'ambo ya barabara alijifunika taulo mpaka chini ya macho. Mwashi wa nyumba ya kona alikuwa akiongea kwa nyuma ya kofia. Kwa hesabu ya fundi, watu wazima kumi na mmoja walikuwa wakitafakari sana asubuhi ile. Vijana walidhani wazee wao wanasali, wakashusha sauti.

Wale kumi na mmoja walianza kutazamana. Macho ya Mkunga yalitua kwenye ngumi ya Dereva, ya Dereva kwenye taulo la Mkunga, kisha yote mawili yakageukia kofia ya Mwashi. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kutamka neno vizuri. Fundi aliona imani aliyoiuza miaka yote ikiharibika mbele yake hadharani. Lakini hilo halikumkera kama ilivyopaswa. Kilichomkera hasa ni kwamba Mwalimu alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka alipo yeye.

Simu ya Mwalimu ililia. Alikuwa binti yao, amesikia redioni. Mwalimu alimweleza kwa mpangilio: wazima, nyumba imesimama, vyombo havikusimama. Binti akataka kumsikia baba yake. Fundi aliipokea simu akageukia ukuta, akasema maneno matatu yaliyotoka kama supu. Binti akauliza, kwa sauti iliyomfikia hata Mwalimu, kama uso wa Baba umelegea upande mmoja, akasema awahishwe hospitali, dalili za kiharusi ni hizo hizo.

Mwalimu alichukua simu yake. "Baba yako hana kiharusi," alisema. "Ameamka vibaya tu. Atakupigia mchana."

Akamtazama mumewe kwa kitambo, kisha akaanza kuwauliza majirani kama wamefunga gesi.

Tetemeko dogo lilipita, la kujikumbusha, na baada yake hapakuwa na lingine. Mwashi alizunguka nyumba zote na kalamu ya mbao. Kwao aliona ufa juu ya mlango wa jikoni, akachora mistari midogo ya kuukatiza na kuandika saa kando yake. Alieleza, kofia ikiwa bado usoni, kwamba ukuta ni mzima, ufa ni wa lipu tu, na wakiona mistari imeachana watoke.

Usafi ulianza kwa utaratibu wa Mwalimu: viatu vigumu kwanza, kisha vioo, kisha majimaji, kisha mengine. Jikoni, sukari na bilauri zilikuwa kitu kimoja. Vikapelekwa jaani pamoja. Sahani kumi na nane zilikuwa zimebaki tano, na katika hizo mbili zilikuwa zile mbaya walizopewa na shangazi wa Mwalimu, ambazo zisingevunjika hata kwa nyundo. Fundi aliinama na kufagia bila kusema. Aligundua kwamba maneno mengi ya siku ile, vumbi, ufagio, vioo, ufa, yanataka meno ya juu, na akaona heri anyamaze kuliko kuyatamka nusu. Mara tatu alielekea karakana peke yake. Mara tatu aliitwa kushika ncha ya kitu kizito.

Mara ya nne mlango wa karakana ulikuwa umekwama, na kuusukuma kulihitaji mabega mawili, lake na la Mwalimu.

Rafu zote nne zilikuwa chini. Mtaa ulilala sakafuni, kulia na kushoto, juu na chini, umechanganyika na vipande vya dirisha na unga mweupe. Kikombe cha bluu kilikuwa vigae. Meno hayakuonekana.

"Nitaanya mwenyewe," fundi alijitahidi, akimaanisha nitafanya. "Wewe pumzika, Mwalimu."

Mwalimu hakupumzika. Alileta beseni, brashi ya rangi na kigoda, akakaa. Aliokota sanamu ya kwanza, akaipiga brashi, akaigeuza mara moja mkononi na kuiweka sakafuni karibu na mlango. Akachukua nyingine, akaiweka mbali kidogo. Ya tatu akaiweka mkabala na ya kwanza. Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya meza akipapasa unga. Alipoinua kichwa, aliona safu mbili zikirefuka, zikitazamana, na katikati pamebaki nafasi kama barabara.

Nyumba ya kona, kinywa cha Mwashi. Mkabala, Mkunga. Mwisho kabisa, Dereva. Hakukosea hata mmoja.

"Umejuaje?" alisema, akisahau kuziba mdomo.

"Kila Jumamosi ukienda kununua plasta, nani anapanguza humu?" Mwalimu alijibu bila kuinua macho. "Au ulidhani vumbi linakuogopa? Nimevishika hivi vinywa kuliko wenyewe. Mwanzoni sikuelewa ulivyovipanga. Kisha Dereva akahamia ng'ambo ya barabara, na Jumamosi iliyofuata kuna kimoja kimeruka rafu. Nikaelewa."

Fundi alikaa chini, mgongo kwenye mguu wa meza. Alikuwa na swali moja tu, na alijua kwamba jibu liko sakafuni. Katika safu ya kushoto, baada ya nyumba ya kona na ya pili, Mwalimu alikuwa ameacha pengo. Akaendelea na ya nne, ya tano, ya sita, mpaka mwisho wa barabara. Kisha akainuka, akaondoa ubao wa rafu uliolalia debe la plasta, na kutoa kando yake sanamu iliyopasuka vipande viwili. Akavipanguza, akaviunganisha kwa uangalifu, akaviweka penye pengo.

"Nyumba ya tatu," alisema. "Mimi meno yangu ninayo."

Alitumbukiza mkono ndani ya debe, akachokora unga kwa vidole, akatoka na meno ya juu kamili, meupe kama mzimu. Aliyapuliza, akayatazama kwenye mwanga wa dirisha lisilo na kioo, akampa.

"Yaoshe kwanza. Yana vumbi."

Fundi aliyashika kama kitu cha mtu mwingine. "Miaka tisa," alisema.

"Itatimia mwezi ujao. Ulidhani nyama ya nyumba hii imekuwa laini yenyewe?"

"Na wageni je? Kila siku unawaambia uliyachagua."

Mwalimu alifikiri, jambo ambalo mumewe aliliogopa kuliko tetemeko. "Niliyachagua, ndiyo. Yale ya kwanza yalikuwa mazuri. Haya yamepangika zaidi, lakini ule ufa hukuupatia. Ulikuwa mdogo kuliko hapo."

Fundi alikwenda kuyaosha. Aliporudi akiwa mtu mwenye maneno yote, alimpigia binti yake, akazungumza naye dakika ishirini kuhusu vumbi, vioo na ufagio.

Mchana wateja walianza kuja. Walikuwa wale kumi na mmoja, wengine na meno yaliyokanyagwa, wengine bila kitu. Walikuwa wamesimama pamoja barabarani asubuhi ile ile, wameonana mpaka ndani. Hata hivyo kila mmoja alipita mlango wa nyuma, peke yake, ameinamisha kichwa. Mkunga aliomba jambo hili libaki kati yao wawili. Dereva aliomba vivyo hivyo. Fundi aliwaahidi wote, huku mkewe akiwapitishia viti kutoka jikoni. Barabara ya plasta sakafuni aliifunika shuka.

Jioni ilipofika alisimama, akajinyoosha na kutangaza kwamba anakwenda kufunga dirisha. Alifika karakana, akatazama fremu. Haikuwa na kioo wala bawaba, na upepo ulikuwa ukiingia na kutoka upendavyo. Akatoka mikono mitupu.

Aliporudi chumbani, juu ya kibweta cha kando ya kitanda, karibu na miwani ya Mwalimu, alikuta kikombe chenye maji. Kilikuwa kimoja kati ya vikombe viwili tu vilivyosalia jikoni, na mkewe alikuwa amempa kile kisicho na ufa.