Begi la Baba Chiriku

Baba Chiriku alikuwa na kazi moja aliyoijua kuliko mtu yeyote mtaani kwao, nayo ni kuhamisha watu. Ukipata nyumba mpya, au ukikosana na mwenye nyumba, unampigia simu yeye. Anakuja na lori, wenzake wawili, maturubai na kamba, na kabla jua halijawa kali makabati yako, vitanda na friji vimekwisha pangwa humo hata kikombe hakigusani na kikombe. Alikuwa na kanuni yake: kinachoshuka kwanza hupanda mwisho. Kanuni hiyo aliitaja kwa heshima, na usipoisikiliza alikutazama kama mtu aliyetukaniwa mzazi.

Kwa hiyo Jumatatu jioni mkewe alipomwambia, "Baba Chiriku, mimi kuinama ndiyo basi tena, nipangie begi la hospitali," aliona amepewa kazi ya heshima.

Mkewe alikuwa msusi, na miezi ile ya mwisho alisuka akiwa ameegemea ukuta, miguu juu ya kigoda, mteja akisogezwa kwake badala ya yeye kumfuata mteja. Daktari alikwisha mwambia kwamba atazaa kwa upasuaji, Alhamisi saa mbili asubuhi. Si kwa mbio kama mara ya kwanza. Safari hii siku inajulikana, saa inajulikana, na hata jina la mpasuaji linajulikana. Lisilojulikana lilikuwa jina la mtoto tu.

Basi Baba Chiriku akamwaga kila kitu kitandani na kusimama mbele yake, mikono kiunoni, kama anayepima sebule ya tajiri.

"Kitakachotakiwa kwanza ni nini?"

"Kofia ya mtoto na shuka lake la kumfunika," mkewe akajibu, akionyesha kwa kitana. "Wakimtoa tu wanavitaka hivyo."

"Basi hivyo vinapanda mwisho. Na cha mwisho?"

"Nguo yangu ya kurudia nyumbani."

Nguo ya kurudia ikaenda chini kabisa. Juu yake zikafuata nepi, pedi kubwa, magauni mawili yenye vifungo mbele, kandambili, mrija wa kunywea maji akiwa amelala, na chaja ya waya mrefu kwa sababu soketi za wodini, kama kila mtu ajuavyo, huwekwa mbali na wagonjwa kwa makusudi. Kadi ya kliniki ikaingia mfuko wa pembeni. Kisha akashika mto mdogo, akaugeuza huku na huku.

"Huu wa nini? Hospitali hawana mito?"

"Wa kubana tumboni nikikohoa au nikicheka. Mshono unauma."

"Basi nitajitahidi nisikuchekeshe."

"Hilo huna haja ya kujitahidi, mume wangu."

Binti yao wa miaka mitano, ambaye jina la Chiriku alilipata kwa sababu mdomo wake haupumziki, naye alileta mchango wake: soksi moja na biskuti aliyokwisha imega. Baba akavipokea, akavifunga kwenye karatasi na kuvitafutia pembe. Mzigo wa mteja ni mzigo wa mteja.

Sasa usidhani mtu mzima alikuwa akihangaika namna ile kwa kupenda begi. Kulikuwa na jambo. Chiriku alipozaliwa, baba yake alikuwa mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani, kavunjikiwa na ekseli, kakaa kando ya barabara na fanicha za watu. Mkewe alipasuliwa kwa dharura, hajitambui. Aliyesimama mlangoni na kumpokea mtoto alikuwa mama mkwe. Baba alifika siku ya tatu, akamkuta mwanawe ana kofia, ana uji wa mama yake jikoni, ana hata wageni. Hakuna aliyemlaumu. Lakini asiyekuwepo na lake halipo, na kila mara stori za siku ile zilipoanza, yeye alikumbuka kitu fulani cha kwenda kutazama nje.

Safari hii alitaka ampokee yeye. Hospitali waliruhusu ndugu mmoja tu kuingia kumpokea mtoto, na ndugu huyo kila mtu alikwisha mjua bila kuuliza: mama mkwe, aliyewapokea wajukuu wanne na hakumwangusha hata mmoja. Nani angemnyang'anya? Mkewe mwenyewe alikuwa akisema, "Mama akimpokea," kama mtu asemavyo "jua likichomoza." Baba Chiriku akaamua kufa na tai shingoni. Hakumwambia mtu. Akayahamishia yote kwenye begi.

Mama mkwe akafika Jumanne. Mama huyu alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka thelathini, na kwa miaka thelathini alikagua masanduku ya watoto wa watu. Hakuketi, hakunywa hata maji.

"Begi liko wapi?"

Akaletewa. Akalipindua juu chini, vyote vikamwagika kitandani. Baba Chiriku, aliyekuwa mlangoni, alihisi kama amepinduliwa yeye.

"Nepi!"

"Zipo, Mama."

"Naona zipo, sikuuliza zipo, nauliza ngapi. Pedi! Mafuta! Hii nini?" Alikuwa ameshika karatasi ya soksi moja na biskuti.

"Mzigo wa Chiriku, Mama."

"Hm. Na hii?"

Ilikuwa sketi ya bluu, ile iliyomkaa mkewe vizuri kiunoni kuliko nguo zote. Baba Chiriku alikuwa ameikunja mwenyewe kwa mapenzi.

"Nguo ya kutokea, Mama."

"Baba Chiriku, mwanangu. Huyu atakuwa na mshono hapa," akajipiga kidogo chini ya kitovu, "nawe unamletea sketi ya mkanda. Anatoka hospitali, haendi kupiga picha." Akaitupa sketi kando, akatafuta gauni pana lisilogusa popote. Hapo alisema kweli. Lakini alipoanza kupanga upya, nguo na nguo, chupa na chupa, kama kabati la bweni, kofia ya mtoto na shuka lake vikaenda chini kabisa pamoja na "nguo ndogondogo."

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Jumatano alfajiri, kabla ya kwenda kazini, Baba Chiriku akalifungua begi polepole na kulipanga sawasawa. Aliporudi jioni akakuta limepangwa kibweni, na ndani ya mfuniko kuna orodha iliyobandikwa kwa pini, imepigiwa mstari kwa rula. Akaanza kulipakua. Mama mkwe akaingia na kumkuta ameshika kofia.

Wakatazamana.

"Naangalia tu, Mama."

"Na mimi naangalia tu," akasema mama mkwe.

Mkewe, aliyekuwa kitandani, alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. "Jamani, mtanizalisha kabla ya Alhamisi! Mama, mwache apange, hiyo ndiyo kazi yake. Nawe Baba Chiriku, mwache akague. Mimi nitazaa. Kila mtu abaki na lake."

Hukumu ikapita. Kofia ikarudi juu, orodha ikabaki na pini yake.

Alhamisi walifika hospitali mapema, Chiriku wamemwacha kwa jirani akiwahutubia watoto wa hapo. Mkewe alikwenda chumba cha upasuaji kwa miguu yake, gauni la hospitali limefungwa nyuma nusunusu. Mlangoni akavua hereni zake na kumwekea mumewe mkononi.

"Hujala," akamwambia. "Ukimaliza kuogopa, nenda ukale."

"Nani anaogopa?"

"Mimi naogopa," akasema. "Nilidhani tuko wawili." Akamshika shavu, akaingia.

Nesi akatoka mara moja kuwapa masharti. "Nikiita, aje mmoja na nguo za mtoto. Mmoja tu, hadi mlango wa pili. Mkubaliane wenyewe."

Wakaketi kwenye benchi la ukutani, begi katikati yao. Mama mkwe alivaa sweta lake la kupokelea wajukuu, lile la vifungo vikubwa. Baba Chiriku akakohoa. Kisha akaanza kumkabidhi mzigo, kama anavyomkabidhi dereva anayekwenda peke yake.

"Mama, kofia iko juu kabisa. Chini yake shuka. Usivute kwa nguvu, nepi ziko upande wa kulia, ukivuta zitafuata. Vazi la mikono mirefu liko..."

Mama mkwe alimsikiliza wala hakumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Maneno ya mkwewe yakapungua, yakapungua, yakaisha. Koridoni kukabaki sauti ya mtu wa usafi akikamua tambara kwenye ndoo.

Baba Chiriku akapiga moyo konde.

"Mama, nataka nimpokee mimi."

Mama mkwe akageuka na kumtazama toka juu hadi chini, ule utazamaji wa sanduku lililofichwa kitu.

"Maneno matatu," akasema. "Maneno matatu hayo ndiyo yamenifukuza na begi tangu juzi?"

"Nisamehe, Mama. Najua wewe ndiye..."

"Mimi ndiye nini? Mtoto ni wangu?" Alishusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Miaka mitano nimekaa na ile saa ya kwanza ya Chiriku. Mama yake hakuiona, alikuwa hajitambui. Wewe hukuiona. Ninayo mimi peke yangu, na si yangu, nilikushikia tu. Kila siku nasema moyoni, leo mkwe wangu atakuja kuuliza, kesho atauliza. Nikianza kusimulia unatoka nje. Nikasema basi, huyu labda hataki kujua."

Lile lilimwingia Baba Chiriku kuliko lawama yoyote. Miaka yote alidhani anakwepa kuumbuliwa, kumbe kuna mtu alikuwa amemwekea chake.

"Niliona haya, Mama."

"Haya ya nini? Ulikuwa kazini, hukuwa mafichoni. Haya, niulize sasa, kabla hawajatuita."

Akamgeukia. "Alikuwaje?"

Basi mama mkwe akamweleza. Kwamba Chiriku alitolewa amefungwa kitambaa cha kijani cha hospitali, kikubwa kama cha kufunikia meza, kwa sababu nguo zilikuwa bado njiani. Jicho moja alilifumbua, jingine alilifumba, kama fundi anayepima ukuta kama umenyooka. Alipiga chafya mbili na benchi zima, watu wasiojuana, wakaitikia "Afya!" Alishika kifungo cha sweta lake asikiachie, nesi akahangaika kumbandua. Alilia sana, kilio cha kuamrisha.

"Nikamwambia, 'Baba yako yuko njiani.' Akanyamaza. Nikamwambia tena, maana niliona anapenda. Nilimwambia hivyo siku tatu."

Baba Chiriku alilia. Sitasema aliingiwa na vumbi, hakukuwa na vumbi, palikuwa pamepigwa deki sasa hivi. Alilia kwa furaha na kwa uchungu kwa pamoja, akajifuta kwa kiganja kipana cha kubebea makabati, na mama mkwe akatazama tangazo la ukutani mpaka alipomaliza.

Mlango ukafunguka. "Anayempokea mtoto!"

Baba Chiriku alinyanyuka kama benchi limemchoma, akaingia mbio. Kwenye mlango wa pili nesi alimtazama mikono.

"Nguo ziko wapi, baba?"

Mpangaji wa mizigo wa mtaa mzima alikuwa amekuja mikono mitupu. Akageuka, akakuta mama mkwe amekwisha simama kwenye mlango wa kwanza, begi wazi, kalielekeza kwake.

"Kofia iko juu kabisa," akamwambia. "Chini yake shuka. Usivute kwa nguvu."

Kilichotokea kule ndani kilichukua muda mfupi tu. Alikuwa wa kiume. Mama yake alikuwa mzima, macho wazi, anashonwa, na alimtuma nesi kuuliza kama mumewe amekula. Baba Chiriku hakujua kama alijibu. Aliambiwa akae, akakaa. Aliambiwa weka mkono hivi, akauweka. Alimwona mtoto mzito kuliko friji yoyote, ingawa mizani ilisema kilo tatu na robo.

Baadaye nesi akawapitisha koridoni kuelekea wodini. Mama mkwe aliwaona wanakuja, akainuka, mikono ikanyooka yenyewe. Kisha akairudisha, akakaa chini na kufumba macho.

"Mama, mjukuu wako huyu."

"Usinionyeshe," akasema. "Zamu hii mimi ndiye sikuwepo. Kaa hapa, nisimulie kwanza."

Nesi akaangalia saa, akaona asibishane na mama yule. Baba Chiriku akaketi pale kwenye benchi, mtoto kifuani, akafikiri aanzie wapi.

"Kwanza kabisa," akasema, "aliniangalia."