Mama Alipoyaosha Mawe Yangu

Nilitoka kuoga nikayakuta mawe yangu sita yamepangwa kwenye kichanja cha vyombo, safi, yanachuruzika maji. Kila jiwe nilikuwa nimelichora mshale kwa maka peni kabla ya kulibandua mwambani, kuonyesha kaskazini ni wapi na juu ni wapi. Muuza duka wa Bariadi aliniapia kwamba wino ule haufutiki. Hakumjua mama yangu, na majivu yake, na gunzi lake.

"Mayu, umefanya nini?" nikamuuliza mama.

Akanijibu bila wasiwasi wowote kwamba mtu hampelekei mwalimu wake vitu vyenye matope.

Jamani! Basi la kunirudisha chuoni lilikuwa kesho yake asubuhi. Profesa alishaikataa kazi yangu mara mbili, na safari hii alisema nisipoleta ushahidi narudia mwaka. Ushahidi wenyewe ndiyo ile mishale. Zamani hizo, milima ilipokuwa ikiundwa hapa kwetu ambako leo ni mashamba ya pamba tu, upande mmoja wa mwamba ulisukumwa huku na mwingine kule. Itale, lile jiwe gumu la milima yetu, iliyobanwa katikati, chini sana kwenye joto, haikupasuka. Ilivutika kama ugali unaosongwa, chembe zake zikalala mistari mistari, na mistari hiyo ndiyo inayosema upande upi ulikwenda wapi. Lakini jiwe usilojua lilikaaje mwambani ni la kuzuilia mlango. Na kubandua mengine nisingeweza: nyundo ya chuo, mwanafunzi mwenzangu alishaondoka nayo.

Nilifoka, nakiri. Nilimwambia mama maneno ambayo mzazi haambiwi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akayatia mawe kwenye beseni, akajitwika, akashika njia ya mlimani. Nikamfuata huku nanung'unika.

Kule mwambani alichuchumaa, akawa anachukua jiwe moja moja na kulijaribisha kwenye makovu nilikoyabandua, kama mtu anayeunganisha chungu kilichovunjika. Nikajisemea hii ni kazi bure. Jiwe la kwanza likaingia, likatulia kabisa. Nikatoa simu yenye dira, nikachora mshale upya. Likaingia la pili, na la tatu, mpaka la tano.

La sita lilitoka katikati kabisa ya ule ukanda uliovutika, na ndilo profesa alilokuwa akilingoja. Halikukaa popote. Mama aliligeuza na kuligeuza, akapitisha kidole kwenye kingo zake.

"Labda hili nililisugua mno," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Kingo zile nilizimega mimi mwenyewe kwa nyundo, juzi yake, ili mfuko usinilemee. Nilinyamaza. Mwaka nikaurudia, na mpaka leo mama anaamini ni kwa sababu ya gunzi lake.