Kitambaa cha Mashine Mama

Waliozitupa kompyuta za shule yetu ni watatu: mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi, na muuzaji mmoja wa Dar mwenye viatu vya ncha kama mdomo wa bata. Majina siyaandiki. Huku kwetu mlimani, Uluguru, wanajulikana.

Elimu yangu ni ya darasa la saba. Nilikuwa kiwandani, Morogoro mjini, nikapunguzwa kazi siku zilipoletwa mashine mpya. Nikapanda huku, nikapata uhudumu katika sekondari ya kata. Nilikuta kompyuta kumi na mbili, mabaki ya ofisi fulani, zimekufa zote. Kiwandani nilizoea kupuliza vumbi, basi nikazifungua, nikapuliza, nikasugua kadi za ndani kwa kifutio cha penseli. Tisa zikawaka. Tatu nikazifanya spea. Tangu hapo kazi yangu ikawa ndiyo hiyo: zikiwaka, nipo.

Akaja muuzaji na visanduku vidogo kama vya sabuni.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Hivi navyo ni kompyuta?"

"Vyenyewe havifikiri, mzee. Kazi yote inafanywa na hii kubwa, mashine mama. Hivi vinanyonya tu."

"Na mama akiumwa?"

Mwenyekiti akacheka. "Huyu naye! Kazoea wagonjwa wake."

Sikatai, umeme vilikula kidogo, na kelele havikuwa nazo. Lakini mkuu aliniambia palepale kwamba sasa hakuna cha kutengeneza, nimalizie mwezi niende. Kompyuta zangu tisa zikapakiwa kwenye pikapu hadi Msamvu, kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Spea zilibaki stoo nyuma ya magunia ya mahindi, maana hakuna msomi aliyewahi kuingia stoo.

Sasa tazama akili za wasomi. Mashine mama, kwa heshima yake, iliwekwa ofisini kwa mkuu, ndani ya kabati, ikafunikwa kitambaa cheupe alichofuma mke wake, kama tunavyofunika televisheni sebuleni. Juu yake, maua ya plastiki.

Nikamwambia, "Mkuu, hiyo inapumua. Mmeiziba pua."

"Mzee, wewe rudi kwenye fagio. Tunazuia vumbi."

Vumbi kweli halikuingia. Joto nalo halikutoka. Wiki ya mtihani wa kompyuta wa vitendo, kidato cha nne, ofisi ikanuka plastiki iliyoungua, na visanduku vyote vikafa kwa pamoja kama kuku wa kideri.

Jioni ile mkuu alikuja kwangu kwa miguu. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniamkia.

"Shikamoo mzee."

Nikaitikia. Kisha nikamwambia ninachotaka: kazi yangu, kwa maandishi. Akaandika palepale, juu ya goti.

Asubuhi nikashuka Msamvu. Tano zilikuwa hazijavunjwa. Nikazirudisha, nikazitia viungo vya zile spea, zikawaka. Watoto wakafanya mtihani kwa zamu.

Mashine mama ilikuja kutengenezwa baadaye. Mkuu akanikabidhi kitambaa nikifue, kirudi mahali pake. Nilikifua, tena kwa sabuni nzuri. Sasa ndicho ninachofutia kompyuta zangu vumbi. Mkuu bado anakiulizia, maana mke wake naye anamuuliza.