Mashati ya Mistari ya Gwangsik

Mdogo wangu Gwangsik ni fundi wa lifti mjini Bucheon. Tangu mkewe Hyesuk awapeleke watoto Kanada kusoma, anaishi peke yake katika chumba kimoja juu ya duka la dobi, na kila mshahara ukiingia, sehemu kubwa inavuka bahari. Wanaume wa namna hiyo kwetu Korea ni wengi. Walikubaliana iwe miaka miwili. Sasa ulikuwa wa sita, na katika muda wote huo yeye alikwenda kuwaona mara moja tu.

Hyesuk alipomwambia kwamba kiangazi kile wangekuja wote watatu, Gwangsik alinipigia simu hapo hapo. Mimi ni mjane, ninaishi Sokcho, na ukikaa barazani kwangu unasikia mawimbi. Akasema hataki hoteli, anataka watoto walale kwa shangazi yao.

Walipofika, yule mtoto wao wa kiume, Taeo, niliyekuwa nikimbeba mgongoni aliinamisha kichwa ili apite mlangoni. Dada yake mkubwa Sebin, msichana wa miaka kumi na saba, alinisalimu kwa heshima zote, ila Kikorea chake kilikuwa kinachechemea.

Asubuhi Gwangsik alifungua begi. Alikuwa amenunua mashati manne ya mistari ya buluu na nyeupe, na kofia nne za ukindu. Ufukweni kwetu utaona baba, mama na watoto wamevaa sare kama kwaya, na yeye alitamani jambo hilo tangu watoto wakiwa wadogo, ila miaka hiyo likizo ilikuwa haipatikani. Sasa shati la Taeo liliishia juu ya kitovu. Kwenye simu ya video unamwona mtu uso tu, utajuaje urefu wake? Sebin alilishika la kwake kwa vidole viwili, akamwambia mdogo wake jambo kwa Kiingereza, wakacheka. Gwangsik naye akacheka.

"Wamesemaje, mama Sebin?"

"Wanasema ni mazuri," Hyesuk akajibu, akaanza kukunja magodoro ya sakafuni.

Siku hiyo tulipanda mlima Seorak kwa gari linaloning'inia kwenye kamba, tukakuta ukungu umefunika kila kitu. Kesho yake tukaenda sokoni kula samaki wabichi. Gwangsik aliagiza sahani kubwa ya viumbe wale wekundu wa baharini wenye ngozi ya vinundu, akaisogeza mbele ya mwanawe.

"Kula. Zamani ulikuwa unawalilia hawa."

"Nilikuwa na miaka saba, Baba," Taeo alisema taratibu. Alikula mmoja, akanywa maji glasi nzima.

Siku ya tatu tulikwenda ufukweni. Gwangsik alivaa shati lake na kofia, Hyesuk pia. Sebin alivua gauni, akabaki na vazi la kuogelea la vipande viwili. Wengi wetu huku huingia baharini tumejifunika mpaka kwenye viganja, na akina mama wa mwavuli wa jirani walianza kutupa macho. Gwangsik akamnyooshea binti yake shati la mistari, huku akitazama pembeni. Avae, watu wanaangalia. Sebin akasema hapo ni baharini, si kanisani. Baba akasema maadamu anakula kwake, atavaa. Msichana akamwuliza, bila kupandisha sauti, ni lini mara ya mwisho walikula kwake.

Gwangsik aligeuka kumtafuta Taeo, akaona kichwa chake kule mbali, nje ya kamba ya maboya, na mlinzi anapuliza filimbi.

Akakimbia. Aliingia majini na shati, suruali na kofia yake, mtu ambaye hajui kuogelea hata kidogo. Wimbi la pili lilimfunika. Nilianza kupiga kelele, na kabla mlinzi hajamfikia, Taeo alikwisha kurudi, akampitishia baba yake mkono chini ya kidevu na kumvuta mpaka nchi kavu.

Gwangsik alitapika maji mchangani. Kijana alimpigapiga mgongoni.

"Kwa nini umeingia, Baba?"

"Wewe unaogopa maji."

"Mimi? Mimi niko timu ya kuogelea ya shule. Nilikwambia."

"Lini?"

"Kwenye simu. Kila mara nakwambia. Wewe unasema, eeh, vizuri, umekula?"

Kesho yake asubuhi, watoto wakiwa bado wamelala, Hyesuk alikaa jikoni na mimi na Gwangsik kunisaidia kusafisha dagaa. Aliniita wifi, akaniomba nisiondoke. Kisha akamwambia mumewe kwamba hawatarudi kuishi huku. Alikuwa amepata kazi ya kudumu ya kutunza wazee, na vibali vya ukaazi vimetoka. Alikuwa amepanga kulisema siku ya mwisho, lakini baada ya yale ya jana alishindwa kukaa nalo.

"Njoo wewe, baba Sebin."

"Nikafanye nini? Kule hata kuuliza choo siwezi."

"Watoto watakufundisha."

"Watanifundisha kucheka wanapocheka?"

Hyesuk aliweka dagaa chini akalia. Gwangsik alimwangalia, kisha akatoka nje kwenda kusafisha gari ambalo halikuwa chafu.

Waliondoka siku ile ile iliyopangwa. Vuli ilipofika, alikuja kwangu kwa ibada ya kuwakumbuka wazazi wetu. Tulipomaliza kuwaandalia chakula marehemu, nilimwuliza ameamua nini.

"Dada, nikienda nitakuwa mzigo. Nikibaki nitakuwa pesa."

Januari alikwenda Kanada akakaa wiki tatu. Hyesuk aliniambia alirekebisha kila bawaba ya nyumba ile, akalala sebuleni, na asubuhi akakunja blanketi mapema kama mgeni anayeogopa kuchosha watu. Kisha akarudi Bucheon. Hakuna aliyetamka talaka, na hakuna aliyetamka kuishi pamoja. Nikimpigia huchelewa kupokea. Anasema alikuwa anapiga hesabu ya saa za kule, ajue kama wameshaamka.